Maswali ya Wasomaji: Kupanga Kozi za Uzamili wa Utawala wa Umma Ukiwa Kazini

Mwezi huu ukurasa wetu umetengwa kwa barua za wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini wanaosoma, au wanaojiandaa kusoma, Shahada ya Uzamili ya Utawala wa Umma bila kuacha ajira zao. Barua zimefupishwa, na majina ya waandishi hayakutajwa kwa kuwa wengi wao ni watumishi wa umma.

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni afisa mipango katika halmashauri, ninaishi Tukuyu, na nina watoto wawili walio shule ya msingi. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili wa utawala wa umma jijini Mbeya, kwa masomo ya jioni na mwisho wa wiki, kuanzia Novemba. Chuo kimenipa orodha ya kozi za lazima na za hiari, na kimeniruhusu kuchagua idadi ya kozi kwa kila muhula. Wenzangu waliotangulia wananishauri nichukue kozi nne kila muhula ili nimalize haraka, na zile ngumu, yaani Takwimu na Mbinu za Utafiti, niziweke mwishoni nikishazoea. Naomba mawazo yako kabla sijasajili.

Mama wa Watoto Wawili, Tukuyu

JIBU

Marahaba, mama, na hongera kwa kupata nafasi. Wenzako wanakutakia mema, lakini mimi sikubaliani nao katika yote mawili, la idadi ya kozi na la mpangilio wake, na ningependa uzione sababu zangu ili uamue mwenyewe.

Tuanze na hesabu ya saa. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inataka shahada ya uzamili inayosomwa kwa kozi na tasnifu iwe na krediti zisizopungua 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, yaani kukaa darasani, kusoma, kuandika na kujiandaa na mtihani kwa pamoja. Shahada nzima basi ni saa 1,800. Kozi moja ya krediti 12 ni saa 120, na ukizigawa katika muhula wa wiki 15 unapata saa 8 kila wiki. Kozi nne zitakudai saa 32 kwa wiki, juu ya saa 40 unazodaiwa na mwajiri wako, na bado hujapanda kosta ya kwenda mjini, karibu kilomita 70 za kupanda na kushuka milima ya Uporoto, njia ambayo wakati wa mvua na ukungu haikubali haraka ya mtu.

Kabla ya kujaza fomu ya usajili, chukua karatasi uiandike wiki yako kama ilivyo: ofisi, safari, mapishi, kazi za shule za watoto, ibada, pamoja na misiba na vikao vya familia, ambavyo huku kwetu mtu hawezi kuvikwepa na wala hapaswi kuvikwepa. Saa zitakazobaki ndizo zitakazokuambia unaweza kozi ngapi. Kwa maisha uliyoyaeleza, nakadiria utabaki na saa 16 au zaidi kidogo, na hizo zinatosha kozi mbili. Usidhani kuwa kozi mbili ni kidogo. Anayechukua nne akashindwa moja hurudi kwa mtihani wa marudio, ule ambao wanafunzi huuita sapu, na akishindwa tena huisoma kozi yote upya inapotolewa mwaka unaofuata. Nimewaona watu wenye uwezo mkubwa wakichelewa kwa namna hiyo, huku mwenzao aliyeanza na kozi mbili akiwa tayari anaandika tasnifu.

Sasa tuangalie kalenda ya ofisi yako, jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote na ndilo linalosahauliwa zaidi wakati wa usajili. Wewe unajua kwamba mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na kwamba mwongozo wa maandalizi ya mpango na bajeti ukishatoka, idara yako huingia katika vikao vya kata, kamati za halmashauri, uingizaji wa takwimu katika PlanRep, mfumo wa kompyuta wa kuandaa mipango na bajeti za halmashauri, na hatimaye Baraza la Madiwani, kazi ambayo uzito wake mkubwa ni kati ya Januari na Machi. Muhula unaoanza Novemba nao hufikia mitihani yake Februari au Machi. Siku zile zile unazotakiwa kukesha ukirekebisha makadirio ya halmashauri, ndizo unazotakiwa kuwa katika chumba cha mtihani. Kwa hiyo muhula wa kwanza wa kila mwaka uchukue kozi mbili tu, bila kuongeza hata moja kwa ushawishi wa mtu yeyote. Muhula wa pili, ambao huendelea hadi karibu na Julai, unaweza kujaribu tatu, kwa sababu kuanzia Aprili bajeti iko bungeni Dodoma na idara yako hupata kupumua, ingawa wiki za mwisho za Juni zina shughuli zake za kufunga mwaka. Mwenzako wa idara ya fedha angepanga tofauti, kwa kuwa yeye hubanwa zaidi kuelekea mwisho wa Septemba, wakati hesabu za mwisho zinapotakiwa kufika kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali.

Kozi mbili na tatu ni tano kwa mwaka, na kwa miaka miwili ni kozi kumi. Zikiwa za krediti 12 kila moja utakuwa na krediti 120, na tasnifu ya krediti 60 itakamilisha 180 katika mwaka wa tatu. Vyuo havigawi krediti kwa namna moja, hivyo weka namba za orodha yako mahali pa hizi zangu, kisha ulinganishe jumla na muda wa juu wa usajili ulioandikwa katika kanuni za chuo. Muulize pia mratibu wa programu ni kozi zipi hutolewa mara moja tu kwa mwaka, na ni zipi ambazo huruhusiwi kuzisajili mpaka uwe umefaulu nyingine. Mwanafunzi wa kutwa huwa hasumbuliwi na jambo hili, maana anasoma kila kinachotolewa. Wewe unayechagua, ukiikosa kozi moja ya lazima kwa bahati mbaya ya ratiba, unaweza kuingoja miezi 12 huku umeshamaliza nyingine zote.

Kuhusu mpangilio, ningekushauri muhula wa kwanza usome Nadharia ya Utawala wa Umma pamoja na Usimamizi wa Fedha za Umma. Najua inaonekana vibaya kusoma kozi ya fedha katika miezi ambayo bajeti inakulemea, lakini hapo ndipo faida ilipo. Utakapokuwa unasoma juu ya ukomo wa bajeti, vipaumbele na ushirikishwaji wa wananchi, vitu hivyo vitakuwa mezani kwako vikiwa na tarakimu zake, na saa za ofisini na za masomo zitaanza kusaidiana. Nadharia nayo isipuuzwe na mtu wa vitendo. Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, alipoueleza urasimu wa kisasa kuwa ni mamlaka yanayofuata kanuni, ofisi zenye ngazi, kumbukumbu za maandishi na watu wanaoajiriwa kwa sifa zao, alieleza kitu ambacho mtumishi yeyote aliyewahi kusubiri jalada kutoka masijala na kuandika dokezo kwenda ngazi ya juu anakifahamu kwa mikono yake. Msomaji aliye kazini ana nafasi ya kuhoji nadharia hiyo kwa undani ambao kijana aliyetoka moja kwa moja shahada ya kwanza hawezi kuufikia.

Muhula wa pili, nenda kwenye Mbinu za Utafiti na Takwimu. Hapa ndipo ninapotofautiana sana na wenzako. Wanaoziweka mwishoni hutumia mwaka mzima wakisoma makala zenye majedwali wasiyoyaelewa, wakiruka kurasa za katikati na kukimbilia hitimisho, na wanapofika kwenye pendekezo la utafiti wanajikuta wanajifunza mambo ya msingi huku msimamizi anasubiri sura ya kwanza. Ukiwa na hofu ya hesabu, jibu lake ni kuzianza ukiwa na kozi chache na ukiwa na data unayoijua. Halmashauri yako inakusanya ushuru na ada kwa mashine za POS, na mapato hayo hutolewa taarifa kwa kata na kwa mwezi. Jedwali dogo la mapato ya kata chache kwa miaka miwili linatosha kukufundisha wastani, mtawanyiko na uhusiano wa vigezo, kwa sababu tarakimu ikionekana kuwa ya ajabu utajua kama ni kosa la uandishi au ni mwezi ambao viazi vilishuka bei. Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 nayo yako wazi kwa umma na yatakufaa kwa mazoezi.

Kozi za sera, rasilimali watu, sheria na serikali za mitaa zifuate baada ya hapo, na za hiari uziache mpaka uwe na wazo la tasnifu. Wazo hilo usilisubiri. Kabla ya Krismasi ya mwaka wa kwanza andika swali moja la kiutawala linalokukera kazini, kisha kila kozi inapokutaka uandike insha, itazame insha hiyo kupitia swali lako. Chukua mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Katika kozi ya fedha utaeleza jinsi fungu hilo linavyotengwa na linavyofika au kutofika kwa vikundi. Katika kozi ya sera utachunguza kwa nini utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 na utaratibu ukapangwa upya. Katika rasilimali watu utauliza afisa maendeleo ya jamii mmoja anaweza kufuatilia vikundi vingapi. Na katika takwimu utapima marejesho. Ukifika mwaka wa tatu utakuwa na mapitio ya maandiko karibu yote, yakiwa yameshasahihishwa na walimu wanne tofauti. Angalizo langu ni moja: usiwasilishe insha ile ile katika kozi mbili, kwani vyuo huhesabu hilo kuwa udanganyifu hata kama maneno ni yako. Swali ni lile lile, lakini kila insha iwe na hoja yake na ushahidi wake.

Nyaraka za ofisini zina mipaka. Taarifa za Mdhibiti zilizochapishwa, hotuba za bajeti na sheria unaweza kuzitumia bila ruhusa ya mtu, lakini majalada ya ndani, taarifa za watumishi na mawasiliano ya siri hayawi mali ya mwanafunzi kwa kuwa tu yanapita mezani kwake. Omba ruhusa ya Mkurugenzi kwa maandishi, ukitaja nyaraka unazohitaji.

Ruhusa ya kusoma nayo iombwe kwa maandishi, kupitia kwa mkuu wako wa idara, hata kama masomo ni ya jioni na ada unajilipia. Barua itakulinda utakapohitaji siku za mtihani, na itamwezesha Afisa Utumishi kukuingiza katika mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ambatanisha ratiba ya mitihani mara tu inapotoka, wala usingoje wiki ya mwisho, kwa maana mkuu wa idara ambaye amejua mapema kuwa hutakuwepo siku mbili za Februari anaweza kupanga mtu wa kukushikia.

SWALI

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Mufindi, na shahada yangu ya kwanza ni ya elimu. Nataka kusoma uzamili wa utawala wa umma kupitia Chuo Kikuu Huria, kwa kuwa huku niliko siwezi kuhudhuria darasa la jioni. Nahofia kwamba wenzangu watakuwa wamesoma utawala tangu mwanzo, nami nitaachwa nyuma. Je, nichague kozi za hiari zinazohusu elimu ili nipate unafuu?

Mwalimu Mkuu, Mufindi

JIBU

Habari ni njema, Mwalimu mwenzangu. Hofu yako naielewa, lakini nadhani umejipima kwa kipimo kisicho chako. Mwalimu mkuu anaongoza watumishi, anasimamia fedha za ruzuku zinazoingia moja kwa moja katika akaunti ya shule, anaandaa taarifa kwa FFARS, mfumo wa uhasibu na taarifa za fedha wa shule na vituo vya huduma, anakaa na kamati ya shule iliyochaguliwa na jamii, na anajibu kwa mamlaka zaidi ya moja, kwani ajira na nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, ilhali uendeshaji wa shule uko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Kuna wahitimu wa utawala ambao hawajawahi kubeba hata nusu ya mambo hayo.

Unachokosa ni msamiati wa taaluma na historia ya taasisi, na vyote viwili hujazwa kwa kusoma miezi michache kabla ya kuanza. Fahamu kwa nini mwaka 1972 Serikali ilileta mpango wa Madaraka Mikoani na kuziondoa serikali za mitaa, kwa nini zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na sera ya mwaka 1998 ya maboresho ya serikali za mitaa ilikusudia kuhamishia nini kwa halmashauri. Soma Ibara za 145 na 146 za Katiba ya mwaka 1977, kisha usome Sheria ya Serikali za Mitaa ya Mamlaka za Wilaya, Na. 7 ya 1982, sehemu zinazohusu kazi za halmashauri. Soma pia Sheria ya Utumishi wa Umma, Na. 8 ya 2002. Ukiwa umezipitia hizo, mada nyingi za muhula wa kwanza zitakukuta unazifahamu.

Kuhusu kozi za hiari, ningekuomba usizichague kwa unafuu. Kozi ya uongozi wa elimu itakufundisha mengi uliyokwisha kuyasoma, nawe utakuwa umelipa ada ili ubaki pale pale. Chukua Serikali za Mitaa na Ugatuaji, ambayo itakuonyesha shule yako ikitazamwa kutoka ofisi ya Mkurugenzi, na uchukue Ununuzi wa Umma, kwa sababu ujenzi wa madarasa umekuwa ukifanywa kwa fedha zinazopelekwa shuleni na kusimamiwa na kamati za shule, na walimu wakuu wengi wameingia katika hoja za ukaguzi kwa kutojua taratibu, si kwa wizi. Sheria ya Ununuzi ilibadilishwa mwaka 2023 na manunuzi yakahamia katika NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, kwa hiyo hakikisha unasoma sheria mpya. Vitini vya zamani bado vinazunguka miongoni mwa wanafunzi.

Masomo ya Chuo Kikuu Huria yanahitaji upangaji wa aina nyingine. Hakuna mhadhiri atakayekuona hukuja Jumatatu. Chuo hicho kina vituo mikoani, na cha Iringa ndicho kilicho karibu nawe, kwa hiyo kifahamu kituo chako mapema, ukajue siku za vipindi vya ana kwa ana, tarehe za mitihani na maktaba. Panga kozi kwa mihula ya shule yako: likizo za Juni na Desemba ni hazina ambayo afisa wa halmashauri hana, na ni vyema uzitumie kwa usomaji mzito na uandishi wa insha, huku wiki za kawaida ukizitumia kwa usomaji mwepesi wa saa moja alfajiri au usiku. Epuka kuweka mtihani wako karibu na mtihani wa taifa wa darasa la saba, ambao hufanyika Septemba na hukudai akili yako yote. Kama kuna watumishi wengine wanaosoma programu hiyo Mafinga, kutaneni angalau mara mbili kwa mwezi, kila mmoja akiwa ameandika ukurasa mmoja wa kusomewa na wenzake.

SWALI

Shikamoo. Mimi ni muuguzi kiongozi katika hospitali ya kanisa mkoani Iringa. Nimebakiza kozi tatu za hiari na tasnifu. Nataka kutafiti uongozi wa wauguzi katika hospitali yangu, lakini mwalimu mmoja ameniambia nifikiri upya. Pia naambiwa vibali huchukua muda mrefu. Nizipangeje kozi hizi tatu?

Muuguzi, Iringa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amekupa ushauri mzuri. Wauguzi walio chini yako hawawezi kukwambia kwa uhuru kwamba uongozi una kasoro wakati kiongozi anayewauliza ni wewe, na data ya namna hiyo msahihishaji ataikataa kwa haki. Unaweza kubaki na eneo lako la afya bila kuwahoji walio chini yako. Hospitali nyingi za madhehebu ya dini hutoa huduma kwa umma kwa mikataba na halmashauri, na swali la jinsi mikataba hiyo inavyosimamiwa, nani anafuatilia ubora, na malipo yanapochelewa nini hutokea, ni swali la utawala wa umma kabisa. Watakaohojiwa ni maafisa wa halmashauri, wajumbe wa bodi na waganga wafawidhi wa hospitali nyingine. Kwa kazi yako utazijua hospitali hizo vizuri, na hao hawaogopi tathmini yako ya mwisho wa mwaka.

Ukikubali swali la namna hiyo, kozi tatu zinajichagua: moja ya usimamizi wa mikataba au ununuzi wa umma, moja ya uchambuzi wa sera, ambamo unaweza kuandikia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023, na moja ya mbinu za utafiti wa mahojiano kama chuo kinaitoa. Usizichukue zote muhula mmoja. Chukua mbili sasa pamoja na kuandika pendekezo, uache moja kwa muhula ujao, ambao kwa sehemu kubwa utakuwa ukisubiri vibali.

Kuhusu vibali, utahitaji barua ya chuo kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, naye ataandikia wilaya na halmashauri husika, na kila hospitali itataka kuidhinisha kwa utaratibu wake. Utafiti wa afya unaogusa wagonjwa au taarifa zao hupitia mapitio ya kimaadili, ya chuo na ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Ukibuni utafiti usiogusa wagonjwa utapunguza hatua, lakini uulize ofisi ya utafiti ya chuo kwa maandishi uhakikishiwe, maana jibu la mdomo halitakusaidia siku ya utetezi. Muhimu zaidi, kamilisha pendekezo kabla ya mtihani wa kozi ya mwisho. Wanaomaliza kozi bila pendekezo hupoteza ratiba, darasa na wenzao kwa siku moja, na ndipo tasnifu inapolala mwaka hata miwili.

SWALI

Mheshimiwa Mwalimu, mimi ni mtendaji wa kata mkoani Njombe, nasoma uzamili mwaka wa pili. Kazi imenizidi, na mke wangu anatarajia kujifungua. Je, nikiacha muhula mmoja nitaharibu shahada yangu?

Mtendaji, Njombe

JIBU

Ndugu yangu, hutaiharibu iwapo utaiacha kwa utaratibu. Kutoonekana darasani bila taarifa ndiko kunakoharibu, kwa sababu kozi ulizosajili zitabaki na alama pungufu na huenda ukahesabiwa umefeli au umejiondoa. Andika barua ya kuahirisha masomo kwa mkuu wa idara ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho ya usajili, ueleze sababu na muhula utakaorudi, uambatanishe uthibitisho, kisha usihesabu kuwa umeahirisha mpaka upate jibu lenye muhuri. Uliza mambo matatu katika barua hiyo hiyo: kama muhula wa mapumziko unahesabiwa ndani ya muda wa juu wa usajili, kama ada uliyolipa itahamishiwa mbele, na kama kozi unayoiacha itatolewa muhula utakaorudi au mwaka mwingine. Jibu la hilo la tatu ndilo litakaloamua ni muhula upi uache. Kama kozi ya Mbinu za Utafiti hutolewa muhula huu peke yake, afadhali ubaki na hiyo moja tu, ukaiahirisha nyingine, kuliko kuondoka kabisa na kurudi ukiwa umechelewa mwaka mzima. Na mwambie mkeo ratiba yako ya mitihani kabla hujamwambia mratibu. Yeye ndiye atakayeibeba pamoja nawe.